Likizo ya Visiwani ni ya Nani?

Kila ifikapo mwezi wa Mei, katika ofisi za serikali na vyumba vya walimu kote nchini, mazungumzo huwa yale yale: likizo. Fomu hujazwa, sahihi hutafutwa, na wale ambao mwaka huu ni zamu yao kulipwa nauli huanza kuhesabu siku. Lakini likizo hiyo itatumiwaje? Hapo jawabu hupatikana kwa shida. Wako watakaokwenda kijijini kuwaona wazee. Wako watakaobaki nyumbani wakitengeneza paa. Na wako wengine, ambao idadi yao inaongezeka, wasemao kwa mzaha kwamba mwaka huu wangependa kwenda Unguja kupumzika "kama Wazungu".

Mzaha huo una jambo kubwa ndani yake. Kwa nini mwalimu wa Singida, akitaka kuvuka bahari ya nchi yake mwenyewe na kulala siku tano katika kisiwa cha nchi yake mwenyewe, aone kwamba anamuiga mtu wa ng'ambo? Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 kutoka nchi za nje. Picha za fukwe zake zimebandikwa katika viwanja vya ndege vya miji ambayo mwalimu huyo hatafika maisha yake yote. Lakini yeye, aliye umbali wa siku moja tu ya safari ya nchi kavu na saa mbili hivi za boti, hulitazama jambo hilo kama anasa isiyomhusu.

Kasumba hiyo huzaa makosa mawili. La kwanza ni la wale wasiokwenda kabisa, wakiamini kwamba visiwa vimekwisha kuwa vya wenye dola. La pili, nalo ni baya zaidi, ni la wale wanaokwenda kwa mkopo. Mtumishi hukopa mshahara wa miezi mitatu, wakati mwingine kwa wakopeshaji wale ambao wananchi wamewapa jina la kausha damu, akalala siku tatu katika hoteli yenye ukuta mrefu, akapiga picha kando ya bwawa la kuogelea ilhali bahari iko hatua hamsini nyuma yake, kisha akarudi kazini kulipa deni mwaka mzima. Huyo hakupumzika. Huyo amebadilisha aina ya uchovu tu.

Mambo haya hayakuanza leo. Mwaka 1970 gazeti la The Standard la Dar es Salaam lilichapisha mjadala mkali juu ya utalii na ujenzi wa ujamaa, ulioanzishwa na vijana wa TANU wa Chuo Kikuu. Mwaka 1973 Issa Shivji aliyakusanya maandishi hayo katika kitabu kilichotolewa na Tanzania Publishing House. Waliopinga walisema kwamba nchi inayotegemea kumfurahisha mgeni itawafanya vijana wake watumishi wa starehe za wengine. Waliotetea walisema kwamba nchi inahitaji fedha za kigeni, na hoteli huzileta. Mengi yaliyosemwa wakati ule yanastahili kusomwa hata leo. Hata hivyo mjadala ule ulimhusu zaidi mgeni wa ng'ambo: aje au asije, na akija alete nini. Mwananchi mwenyewe kama msafiri hakupewa nafasi kubwa, na pengine si ajabu, kwa kuwa katika miaka ile kazi iliyokuwa mbele ya taifa ilikuwa kumpatia mwananchi huyo maji, shule na zahanati. Leo mtumishi wa umma anayo haki ya siku 28 za mapumziko kwa mwaka, na swali lililoachwa halina budi kuulizwa.

Fedha za msafiri huenda wapi? Hilo ndilo la kutazamwa kabla ya kuchagua pa kulala, kwani kitanda ni zaidi ya kitanda. Mgeni wa ng'ambo aghalabu hununua safari yake yote kwao: ndege, gari, chumba, na chakula cha asubuhi, mchana na jioni. Sehemu kubwa ya malipo hayo hubaki huko huko, kwa wakala na kwa shirika la ndege, hata kabla mguu wake haujakanyaga Kisauni. Akifika huvishwa utepe mkononi unaomruhusu kula na kunywa ndani ya geti, na kwa kuwa ameshalipia kila kitu, hana sababu ya kununua hata chungwa nje ya geti hilo. Mvuvi wa Kiwengwa huweza kumwona mgeni huyo kwa wiki nzima na asipate kwake senti moja, isipokuwa labda jiko la hoteli limenunua pweza wake. Kusema hivi si kuzichukia hoteli kubwa. Hulipa kodi, na zimewaajiri vijana wengi wa Unguja na wa Bara. Lakini mtumishi wa umma anayelipia safari ya namna hiyo kwa mshahara wa shilingi ameiga njia iliyobuniwa kwa ajili ya mtu asiyejua lugha, asiyejua nauli ya daladala, na anayeogopa maji ya bomba. Yeye hana hata shida moja kati ya hizo.

Mwananchi anayo mali ambayo mgeni hana, nayo ni Kiswahili. Kwa lugha hiyo anaweza kupiga simu na kuzungumza na mwenye nyumba mwenyewe. Jambo hili linaonekana dogo, lakini lina thamani. Vyumba vingi siku hizi huuzwa kupitia kampuni za mtandao zilizoko nchi za nje, na kampuni hizo hukata sehemu yao katika kila malipo, mara nyingi zaidi ya sehemu ya kumi. Anayepiga simu moja kwa moja humpa mwenye nyumba sababu ya kupunguza bei, maana wote wawili wameondokana na mtu wa kati. Tena nyumba nyingi zina bei mbili, ya mgeni na ya raia, na bei ya raia haiandikwi mahali pa kuonekana, hupewa anayeiuliza. Na akitajiwa dola asione haya kutaka shilingi. Tangu Machi 2025 zipo kanuni zinazokataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutangaziwa bei na kulipiwa kwa fedha za kigeni.

Katika simu hiyo hiyo yafaa aulize yale ambayo watu huyagundua wakiwa wameshafika na mizigo mlangoni. Je, bei ni ya chumba au ya kila kichwa? Chai ya asubuhi imo? Watoto wawili watalala kwa wazazi bila nyongeza? Ushuru wa kila usiku umo ndani ya bei au utadaiwa siku ya kuondoka? Maji ya kuoga ni ya mfereji au ya kisima chenye chumvi, na umeme ukikatika feni hufanya kazi kwa nini? Mwenye nyumba mwaminifu hujibu maswali hayo bila kukasirika. Anayekwepa, na huku anataka atumiwe nusu ya fedha haraka, apishwe.

Sasa alale wapi? Wengi hujibu "ufukweni" kabla ya kufikiri. Mji wa Zanzibar wenyewe una makao ya kila kimo. Katika Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, majumba kadhaa ya zamani ya Malindi, Kiponda, Mkunazini na Shangani yamegeuzwa nyumba za wageni. Mengine ni ya kifahari, mengine ni vyumba vya kawaida vyenye kitanda cha besera na chandarua. Ukivuka Darajani kwenda Ng'ambo, pande za Kikwajuni, Michenzani na Mlandege, ndiko wanakokaa wenyeji wengi wa mji, na nyumba za wageni za huko hutoza bei inayofanana na ya Morogoro au Tabora. Anayelala huko hula urojo pale wanapoula wenyewe, na jioni hutembea kwa miguu hadi Forodhani kuona vijana wakijitupa baharini. Akitaka kuoga maji ya bahari atapanda daladala. Kwa miaka mingi namba 116 imekuwa ya Nungwi na namba 309 ya Jambiani, na kisiwa chenyewe hakifiki kilomita 90 kwa urefu. Hakuna upande wake usioweza kufikiwa asubuhi na kurudiwa jioni.

Anayetaka kulala pwani hasa, na ajue kwanza tabia ya maji. Hapa ndipo wasafiri wa Bara wanapodanganywa na picha. Pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Paje, Bwejuu na Jambiani, ina bonde pana la kina kifupi lililozuiwa na mwamba mbele yake. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, bahari husogea mbali kiasi kwamba mtu anaweza kutembea karibu kilomita nzima juu ya mchanga na majani. Kwa kawaida katika siku za bamvua maji huwa yamekupwa yapata saa nne asubuhi, yaani saa ile ile ambayo familia imekwisha kunywa chai na watoto wamevaa nguo za kuogelea. Mtu asiyejua huona ametapeliwa. Anayejua hupanga siku zake katika maji mafu, au husubiri alasiri maji yajae, au huchagua Nungwi na Kendwa kule kaskazini, ambako bahari haiondoki mbali namna hiyo. Kalenda ya mwezi haiuzwi ghali, na mzee yeyote wa pwani atasema siku za bamvua bila kuitazama.

Tena kupwa huko si hasara. Maji yakiondoka ndipo wanawake wa Paje na Jambiani hushuka kwenye mashamba yao ya mwani, kilimo kilichoenea Unguja tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuwapa wanawake wengi fedha yao ya kwanza mkononi. Siku hizi joto la maji limeiharibu ile aina ya mwani yenye bei nzuri, na wengi wamebaki na aina ya bei ya chini. Mgeni wa ng'ambo huwapiga picha. Mwalimu wa somo la jiografia anaweza kuwauliza, wakamjibu kwa lugha yake, naye akarudi darasani na somo ambalo halimo katika kitabu chochote cha kiada. Kadhalika mwalimu wa historia aliyefundisha biashara ya utumwa miaka kumi bila kufika Mkunazini, ambako soko lililofungwa mwaka 1873 lilifuatiwa na ujenzi wa kanisa, hana budi kukiri kwamba safari hiyo kwake si anasa. Hata mabishano ya wanahistoria kuhusu vyumba vya chini wanavyoonyeshwa wageni pale yanamfaa, kwa kuwa atawafundisha wanafunzi wake kuuliza ushahidi. Na akifika Kizimkazi ataona mihrabu yenye maandishi ya mwaka 1107. Wanafunzi wangapi wanajua kwamba jengo hilo lipo nchini mwao?

Kuhusu wakati, mwalimu hana uhuru wa karani. Likizo yake hufuata kufungwa kwa shule, nazo hufungwa Juni na Desemba. Desemba ndiyo miezi ya kaskazi inaanza, bahari ni tulivu, lakini ndipo wageni wa Krismasi na mwaka mpya wanapojaa na bei kupanda hadi mara mbili. Juni, hasa majuma yake ya mwanzo, ni bora kwa mfuko. Masika yanakuwa yamekwisha au yanamalizika, wenye nyumba wametoka katika miezi mitupu na wanahitaji wateja, na wimbi la wageni wa Julai na Agosti halijafika. Ubaya wake ni kusi. Upepo huo huuchafua mkondo wa Zanzibar na kuwatapisha watu wazima. Wenye tumbo jepesi na wavuke asubuhi, maana aghalabu upepo huzidi mchana. Mwezi wa Ramadhani nao uangaliwe: mchana migahawa mingi hufungwa, na mgeni mwenye adabu hali wala hanywi njiani. Lakini jioni zake ni nzuri kuliko za mwezi mwingine wowote.

Kuhusu kuvuka, maneno yasiwe mengi lakini yasisahauliwe. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejazwa watu na mizigo kupita uwezo wake. Tarehe 18 Julai 2012, katika siku za kusi, Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Mamia ya wananchi walikufa katika misiba hiyo miwili. Anayepanga safari na akate tiketi mapema, kwa kitambulisho chake mwenyewe, katika ofisi ya chombo na si kwa vijana wa getini. Na asione haya kukataa chombo kilichojaa hata kama likizo yake inapungua kwa siku moja. Kusafiri kwa jahazi usiku ili kuokoa nauli si ubanaji wa matumizi.

Kisha iko hoja ya wazee. Inasemwa kwamba nauli ya likizo, ambayo mtumishi wa umma hulipwa kila baada ya miaka miwili, ni ya kwenda kwao, na kwamba kumwacha mama kijijini na kwenda kukaa ufukweni ni ubinafsi. Hoja hii ni nzito na haifai kubezwa na watu wa mjini. Lakini siku 28 hazijazwi na kijiji peke yake, na kila mtu anajua kwamba ziara ya mwezi mzima, kwa mtumishi mwenye mshahara, huishia katika kugawa fedha mpaka mwenyewe akakopa nauli ya kurudi. Siku tano za kisiwa haziwezi kuvunja undugu. Tena hakuna amri inayokataza kumchukua mama. Bibi wa Njombe ambaye hajawahi kuona bahari ana haki nayo kuliko mtu yeyote.

Kinachokosekana ni utaratibu wa pamoja. Mtu mmoja akisafiri peke yake hulipa bei ya mtu mmoja. Walimu kumi wa shule moja wakianza kuweka akiba mwezi wa Januari katika chama chao cha akiba na mikopo, hukodi gari dogo la abiria kwa siku nzima, huchukua nyumba nzima badala ya vyumba, na hupika wenyewe samaki waliomnunua mvuvi asubuhi. Hesabu yao kwa kila mtu hushuka hadi kufikia kiasi ambacho hata mwalimu mpya wa shule ya msingi anaweza kukimudu bila kukopa. Safari ya namna hii tayari inafanywa na baadhi ya shule na idara, lakini kwa bahati tu, pale alipotokea mtu mmoja mwenye juhudi.

Vyama vya wafanyakazi vingeweza kulifanya jambo hili kuwa la kawaida. Katika iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki, nchi ambayo ilisaidia kujenga majumba ya Kikwajuni na Michenzani, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilikuwa na nyumba zake za mapumziko katika kisiwa cha Rügen, na mfanyakazi wa kiwanda alikwenda huko kwa malipo madogo. Mpango ule ulikuwa na kasoro zake. Nafasi hazikuwatosha wote, na waliozigawa hawakuwa malaika. Ulikufa pamoja na nchi yenyewe mwaka 1990. Lakini ulitambua kwamba mapumziko ya mfanyakazi hayafai kuachiwa soko peke yake. Vyama vya wafanyakazi vya hapa hukata ada katika mishahara kila mwezi, na vingine vimejenga majengo ya ofisi za kupangisha mijini. Wanachama wana haki ya kuuliza kwa nini hakuna hata nyumba moja ya mapumziko Unguja, Pemba au Mafia.

Na kabla ya kujenga chochote, yako mabweni. Vyuo vya Unguja hufunga, vitanda vikabaki vitupu kwa majuma mengi, na baadhi ya siku hizo huangukia katika likizo ya shule. Kwa makubaliano kati ya vyuo hivyo na vyama vya walimu wa pande zote mbili za Muungano, vitanda hivyo vingeweza kulipiwa kwa shilingi chache, chuo kikapata fedha ya kukarabati mifereji yake, na mwalimu wa Kigoma akapata mahali pa kuweka begi. Walimu wa Visiwani nao wangepokewa kwa njia hiyo hiyo katika vyuo vya Arusha na Iringa, maana wako wengi wa Makunduchi na Wete ambao hawajauona Mlima Kilimanjaro ila katika vitabu.

Makubaliano hayo hayahitaji bajeti mpya. Yanahitaji barua. Kwa likizo ya Juni barua hiyo iwe imeandikwa na kujibiwa kabla ya mwisho wa Machi, ili majina yaorodheshwe Aprili, akiba ikamilishwe Mei, na tiketi za boti zikatwe kabla wanafunzi hawajamaliza mitihani yao ya muhula.